Sote Viongozi, Jiwe Alibebe Nani?

Vijana wangu wa Kola,

Mliponijia juzi kuniuliza jinsi chama kinavyoongozwa, mlikuja na katiba iliyochapishwa kwa wino wa rangi mbili, muhuri mpya ndani ya kasha lake, na kaulimbiu ambayo ilibidi mnifafanulie. Nilipouliza wanachama wenu ni akina nani, mkanijibu kwamba uandikishaji utaanza baada ya uzinduzi. Nilicheka, na naomba radhi kwa kucheka. Niliwacheka ninyi kidogo. Kicheko kilichobaki kilikuwa cha chama tulichokiendesha sisi.

Mmeniita mstaafu, na neno hilo linanichoma. Mstaafu, katika fikra za watu, ni mzee wa bakora na vidonge vya presha. Mimi nimestaafu nikiwa na meno yangu yote na mtoto anayenyonya, kwa sababu chama chetu kiliamua kwamba katibu asikae ofisini zaidi ya vipindi viwili. Pendekezo hilo nililitoa mimi mwenyewe, nikiwa na hakika kwamba litakataliwa kwa heshima. Lilipita kwa shangwe. Somo la kwanza, basi: usipendekeze jambo jema hadharani kama hujawa tayari kulitenda.

Nilifika Kola mwishoni mwa miaka ya tisini, nimetoka chuoni na diploma ya maendeleo ya jamii. Niliamini, na hadi leo naamini, kwamba mtu maskini akiungana na jirani yake umaskini wao hupungua siku hiyohiyo, hata kabla shilingi haijaonekana. Chama nilichokuja kukitumikia kilikuwa cha familia za wakulima wa kingo mbili za mto mmoja wa msimu, mto ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni barabara ya mchanga tu. Kilizaliwa kutokana na mwethya, ile desturi yetu Wakamba ya kukusanyika shamba hadi shamba na kufanya kazi kwa pamoja: leo tunachimba matuta kwako, wiki ijayo kwangu. Mwethya haukuhitaji katiba. Ulihitaji sururu, muthokoi wa mchana, yaani mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na mtu wa kuanzisha wimbo. Lakini wafadhili walikuwa wameanza kuja, na mfadhili hawezi kuuandikia wimbo barua. Kwa hiyo mwethya ukawa chama, na chama kikapata mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Kithome, aliyewahi kuwa karani wa serikali, mtu wa tai hata siku ya kupanda mahindi. Katika mkutano wangu wa kwanza alisimama kuwatambua waliohudhuria, kila mmoja kwa cheo chake: mlezi, naibu wa mlezi, mwenyekiti wa kamati ya maji, mwenyekiti wa kamati ya mawe, mratibu wa kamati ndogo ya nidhamu, na kuendelea hivyo hadi chai ikaiva. Waliobaki bila kutambuliwa walikuwa wanawake wawili waliokuwa wakiipika chai hiyo. Mzee Kithome, kwa moyo wake wa haki, akawateua papo hapo kuwa kamati ya mapishi. Tukawapigia makofi. Mkutano uliofuata hakukuwa na chai, kwa maana kamati haipiki, kamati inasimamia.

Msidhani alikuwa mjinga. Nilipomuuliza faraghani kwa nini tuna vyeo vingi hivyo, alinijibu kwa utulivu wa mtu aliyeona vyama vingi vikizikwa.

"Katibu, wewe umesoma, lakini watu hawa huwajui. Mtu akishindwa uchaguzi hapa haendi nyumbani peke yake. Anaenda na kaka zake, na wake zao, na punda. Kesho unasikia iko chama kingine ng'ambo ya mto. Sasa mimi nikimpatia kacheo kidogo, ananyamaza. Cheo ni kama chumvi. Haishibishi mtu, lakini ukimnyima anasusa chakula."

Alisema kweli. Kwa miaka kadhaa chama chetu hakikugawanyika hata mara moja. Kila aliyenuna alipewa kamati. Mimi, kijana wa ushirikishwaji niliyefundishwa kwamba kila sauti isikike, nilizipa kamati hizo majina na majukumu kwa Kiswahili kizuri sana. Tatizo lilijitokeza polepole, kama maji yanavyopungua kisimani. Kwa desturi iliyokuwa imeingia bila kuandikwa popote, kiongozi haonekani ameinama. Kiongozi husimama kando ya kazi, mikono nyuma, akisema "hapo, hapo, sogeza kidogo." Kwa hiyo kila tulipomtuliza mtu mmoja, tulipoteza sururu moja.

Kabla sijafika mtoni, niwape ufundi mmoja wa mikutano ambao hamtaufundishwa kwenye semina yoyote. Katika ajenda zetu, jambo la mwisho lilikuwa daima "Mengineyo." Nilichukua muda kugundua kwamba mambo yote ya kweli yalikuwa yakiishi huko. Ajenda ya tatu, "Mikakati ya Uhamasishaji," ilijadiliwa kwa ufasaha na watu waliokuwa wakisinzia. Kisha, kofia zikiwa tayari vichwani, mtu husema, "Mengineyo yangu ni madogo tu: ng'ombe wa naibu wa mlezi wamekula miche yote ya kitalu cha chama." Siku moja niliandika Mengineyo kuwa ajenda ya kwanza. Mkutano ule ulichukua muda mfupi, ulikuwa mkali, na haukuwahi kufika ajenda ya pili. Hakuna aliyeiulizia. Jaribuni.

Na msikutanishe watu siku ya soko. Na sala: Mkatoliki akifungua, mpeni Mprotestanti afunge, lakini mwombeni asiitumie sala ya kufunga kumjibu yule aliyefungua.

Sasa mtoni.

Mwaka mmoja tulipata tulichokililia kwa muda mrefu: saruji ya kujengea ukuta wa bwawa la mchanga. Kwa wale ambao hamjawahi kuona ukijengwa, ukuta huo hukatiza mto mkavu kutoka ukingo hadi ukingo, ukiwa umekaa juu ya mwamba wenyewe. Mvua ikija, mafuriko hubeba mchanga na kuulundika nyuma ya ukuta. Mchanga huo hushika maji ndani yake, jua lisiyanywe, na wakati wa kiangazi unachimba kidogo tu na kuteka maji safi. Ni jambo jema kabisa, ila lina sharti moja gumu. Ukuta ukamilike kabla ya mvua za Novemba, na ukamilike mapema, ili unyweshwe maji kila siku ukomae. Mafuriko yakiukuta umefika nusu tu, hayaachi nusu hiyo. Yanauondoa wote. Nayo saruji ikikaa ghalani mvua nzima huvuta unyevu na kuganda ndani ya mifuko yake.

Nilijua kitu kingine pia, ambacho hakikuwa katika mchoro wa fundi. Watu hawa walikuwa wameshaitwa mara nyingi na kuahidiwa mara nyingi. Ukuta huu ukienda na maji, hakuna mtu angetoka tena nyumbani kwake kwa jina la chama. Mwethya wenyewe, uliotulea tangu enzi za babu zetu, ungekufa mikononi mwetu sisi wenye katiba.

Mfereji wa msingi ulichimbwa hadi mwamba mwezi Agosti. Kisha kazi ikasimama, kwa sababu Mzee Kithome aliamua kwamba jiwe la kwanza haliwezi kuwekwa na mtu wa kawaida. Lazima aje mgeni wa heshima. Kamati ya wageni ikaundwa. Turubai likafungwa ukingoni, viti vya plastiki vikapangwa kwa safu za hadhi, na mgeni akaahidi kuja Alhamisi. Alhamisi akawa na udhuru. Akaahidi Alhamisi nyingine. Viongozi wakawa wanakuja kila Alhamisi kumngojea, na kwa kuwa walikuwa wamekuja, wakawa wanafanya mkutano. Septemba ikapita hivyo, tukiwa na kumbukumbu za mikutano zilizoandikwa vizuri kuliko wakati wowote katika historia ya chama.

Alhamisi moja alifika Hassan, mfanyabiashara wa mifugo kutoka mjini Machakos, Msomali ambaye mbuzi wake walipumzishwa mtoni kwetu wakielekea mnadani. Alikuwa mwanachama kamili. Alijiunga kwa hiari yake, na alikuwa mtu pekee aliyewahi kukataa kamati. Aliwaamkia watu wote chini ya turubai, safu kwa safu, kisha akaja kuketi karibu nami.

"Katibu, sasa nimesalimia viongozi. Wanachama wako wapi nisalimie?"

Nikamwonyesha mtoni. Mama Nduku na wenzake wachache walikuwa wakiteremsha mawe kutoka migongoni mwa punda.

"Wale tu?"

"Wale tu, kwa leo."

"Na hawa wote wanangoja nini?"

"Mgeni wa heshima, aweke jiwe."

Hassan alitazama lundo la mawe, akatazama turubai. "Wallahi, mimi nikikuwa na mbuzi mia na wote ni beberu," akasema, "hiyo si biashara. Hiyo ni vita."

Mzee Kithome alimsikia. "Hassan, wewe tunakutafutia nafasi. Iko kamati ya uhusiano mwema."

"Mzee, mimi sitaki cheo. Mimi nataka maji."

Watu walicheka, lakini si wote, na waliocheka waliacha haraka.

Jioni hiyo Mama Nduku alinikuta nikikunja karatasi zangu. Alikuwa mjane wa makamo, na katika mwethya yeye ndiye aliyekuwa ngui, yaani mwanzishi wa wimbo. Huo haukuwa cheo katika katiba yetu. Nilikuwa nimesahau kuuandika.

"Katibu, wingu la kule Kyumbi umeliona?"

"Nimeliona, mwaitu," nikasema, kwa maana ndivyo Wakamba tunavyomwita mama. "Nimeandika dokezo kwa Mwenyekiti kuhusu hali ya hewa."

"Umeandika dokezo." Alilirudia neno lile taratibu kama mtu anayeonja mboga iliyozidi chumvi. "Na wingu umeliandikia?"

"Sasa mama, mimi nifanye nini? Siwezi kumwamuru Mwenyekiti. Utaratibu..."

"Sijasema umwamuru. Kesho sisi tunaanza kupanga mawe kwa mfereji. Fundi amekubali. Wewe kazi yako ni moja: usituzuie. Hiyo unaweza?"

Niliweza. Vijana, kutozuia ni nusu ya uongozi, na ndiyo nusu ambayo haina semina.

Asubuhi iliyofuata wanawake walianza bila mgeni. Habari zikapanda vilima, na kufikia saa nne viongozi wote walikuwa wamefika, wakaketi chini ya turubai kwa kikao cha dharura kuhusu watu wanaofanya kazi bila idhini. Mzee Kithome alikuwa amefika kwenye salamu za utangulizi wakati Mama Nduku alipoanzisha wimbo. Uliimbwa kwa Kikamba, kwa sauti ile ya chini inayofuata mwendo wa mtu mwenye mzigo. Kwa Kiswahili unapungua utamu, lakini ulikwenda hivi:

"Jiwe linauliza: Mwenyekiti yuko wapi?"

Na wenzake wakaitikia, "Yuko chini ya turubai, analinda kivuli kisiibwe!"

"Jiwe linauliza: mlezi yuko wapi?"

"Analea kiti, kiti hakijaota meno!"

Kamati ya nidhamu ikaimbwa. Kamati ya mapishi ikaimbwa, na ya wageni, na naibu wa mlezi pamoja na ng'ombe wake. Nilikuwa nikitabasamu kwa busara, kama msomi anayefurahia fasihi simulizi, hadi niliposikia:

"Jiwe linauliza: Katibu je?"

"Kalamu ni nzito, mwacheni! Tukimaliza ukuta tutamsaidia kuibeba!"

Kuna aibu zinazomvunja mtu na zipo zinazomwamsha. Wimbo wa mwethya ni wa aina ya pili. Haukutukani wala hautaji ukoo wako. Unaeleza ulipo tu, na kila mtu anaona kwamba ni kweli uko hapo. Nilivua koti, nikashuka. Jiwe langu la kwanza liliniponyoka na kuniangukia kidoleni, na wimbo ukapata ubeti mpya kabla sijamaliza kurukaruka.

Mzee Kithome hakushuka. Alifunga kikao, akakaza tai yake, akaenda nyumbani amekasirika. Nilidhani chama kimekufa siku hiyo, tena kwa mkono wangu. Wengine walimfuata, na waliobaki walitazama njia aliyoipita, wakijiuliza upande gani utakuwa chama kesho.

Kilichotokea nyumbani kwake alikuja kutusimulia mwenyewe baadaye. Alfajiri aliamshwa na sauti ya mkewe akikamua ng'ombe. Mkewe hakuwa hata mwanachama. Alikuwa akiimba, bila hila yoyote, kwa kufuata mdundo wa maziwa kwenye ndoo, "Analinda kivuli kisiibwe." Mzee akamwita mkewe. "Mama, huo wimbo umetoa wapi?" Naye akamjibu, "Wimbo upi? Huu? Uko kila mahali, hata sijui nimeushika wapi."

Saa mbili alikuwa mtoni. Tai ilikuwepo. Aliingia mferejini, akachagua jiwe, akalipandisha begani kwa shida, kisha akageuka kutukabili. Ilikuwa dhahiri kwamba alikuwa ameandaa hotuba, kwa maana alikohoa.

"Mabibi na mabwana," akasema. "Waheshimiwa..." Jiwe likamtelezea begani. "Nimekuja. Hili liende wapi?"

Ndiyo hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa, na ndiyo pekee ambayo wanachama waliikariri. Mama Nduku akamwonyesha mahali, bila kucheka na bila kuimba. Mkumbuke hilo pia: mtu anaporudi, usimhesabie njia aliyoipita.

Tangu siku hiyo likazuka jambo ambalo hatukulipigia kura. Yeyote aliyetaka kuhutubia pale kazini alipewa kwanza jiwe la kushika. Hakukatazwa kusema, demokrasia yetu ilibaki kamili. Lakini nilishuhudia hoja za kifalsafa zikifupishwa hadi maneno matano. Mwenyekiti wa kamati ya mawe, ambaye kwa miaka miwili alikuwa hajagusa jiwe, aligundulika kuwa na bega zuri sana. Kamati ya nidhamu ilikosa kazi, kwa hiyo ikachanganya saruji. Hassan alileta wachungaji wake na mitungi, na punda wakawa wanapishana njiani wakibeba maji ya kunyweshea ukuta. Mgeni wa heshima alituma salamu kwamba atakuja Alhamisi. Tukamjibu kwa adabu kwamba Alhamisi tuna udhuru.

Nisiwadanganye kwamba sote tulibadilika. Naibu wa mlezi alibeba mawe madogo mpaka mwisho, na walikuwepo waliokuja tu ili wasiimbwe. Mwanzoni nilisononeka kwa hilo. Nilitaka waje kwa imani. Fundi, aliyekuwa akipiga mstari wake wa uzi juu ya mawe, aliniambia ukuta haujui jiwe lililoletwa kwa imani na lililoletwa kwa woga. Unajua tu lililokaa sawasawa. Nimekubaliana naye nusu. Ukuta haujui, lakini chama kinajua, na kazi ya kiongozi ni kuwafanya wa woga wapende walichokijenga.

Mvua zilitukuta ukuta umekamilika na umenyweshwa vya kutosha. Mto ulishuka alasiri moja, mwekundu, ukivuma kabla ya kuonekana, ukibeba vigogo na sufuria ya mtu. Tulisimama kwenye mvua ileile tukitazama. Maji yalifika ukutani, yakapanda, yakasitasita kama mgeni asiyejua mlango, kisha yakapita juu yake kwa upana sawasawa, na ukuta haukutikisika. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee Kithome alikuwa analia, au ilikuwa mvua; tai ilikuwa imelowa vyovyote vile.

Lakini fundi alikuwa ametuonya kwamba furiko la kwanza hutafuta mabega ya ukuta, pale unapokutana na udongo wa ukingo. Na kweli, maji yalipopungua tulikuta upande wa mashariki umeanza kuliwa. Siku iliyofuata kila mtu alikuwa humo, katika tope la magotini, tukijaza shimo kwa mawe kabla mto haujarudi. Tope lilikuwa limepaka nyuso, mashati na vyeo. Nilimfananisha mlezi na Mutua, kijana wa punda, nikamwita kwa jina hilo, na mlezi akaitika.

Hapo ndipo walipofika watu watatu kutoka ng'ambo ya kilima cha pili, wa familia ambazo hazikuwahi kuwa nasi. Walikuwa wamesikia kwamba mto umesimamishwa, wakaja kuona. Walitazama maji yaliyotulia nyuma ya ukuta kwa muda mrefu. Kisha mmoja wao, mwanamume wa makamo aliyevaa vizuri kwa safari ile, akamwinamia Mama Nduku aliyekuwa akihangaika na jiwe kubwa peke yake.

"Mwaitu, sisi tunataka kujiunga. Tuongee na nani? Viongozi wa hapa ni akina nani?"

Mama Nduku aliinua kichwa, akatutazama tulivyokuwa tumejipanga pale shimoni, mmoja baada ya mwingine, wote rangi moja.

"Sasa hivi sijui," akasema. "Hawajanawa. Shika huko."

Yule mwanamume alitazama viatu vyake mara moja tu. Kisha akaingia topeni, akashika upande wa pili wa jiwe, na hakuuliza angepewa kamati gani.